Muwasho Una Asilimia Ngapi?

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Na. 20 ya mwaka 2008, ina mstari mmoja ambao mkata mkonge wa Magunga au Ngombezi anaweza kumaliza nusu ya umri wake wa kazi bila kuusikia. Mstari huo ni asilimia 30. Ulemavu wa kudumu ukikadiriwa kuwa asilimia 30 au pungufu, mfanyakazi hulipwa fedha za mkupuo. Ukizidi hapo, huandikiwa pensheni ya kila mwezi. Anayelipa ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi Julai 2015 baada ya miaka mingi ya sheria ya kikoloni iliyomwachia kila mwajiri mzigo wake. Kwa mtu aliyekatwa kidole na mashine, mstari huo unasomeka bila taabu: kidole kipo au hakipo, na jedwali la sheria linavitaja viungo kimoja kimoja na viwango vyake. Kwa mtu ambaye mikono yake huumuka, hupasuka na kutoa maji kila anaporudi kazini, kisha ikapoa akikaa nyumbani wiki tatu, mstari hausomeki. Viungo vyake vyote vipo. Anatembea, anaona, anasikia. Anachokosa ni usingizi, na uwezo wa kushika kisu cha kukatia mkonge bila ngozi kuchanika, na mambo hayo mawili hayana picha kwenye jedwali. Ndipo linapozuka swali la kale kuliko Mfuko wenyewe: mateso ya mwili yanaweza kupewa namba? Na yakipewa, namba hiyo inasema nini? Jibu langu ni kwamba namba inaweza kuwa ya haki, ila kwa sharti tuache kudhani kuwa inapima maumivu. Asilimia ni kiasi cha deni, ni sehemu ya hasara ambayo wengine wanakubali kuibeba pamoja na aliyeumia. Na deni linalotokana na ugonjwa unaokuja na kuondoka haliwezi kusomwa juu ya ngozi kwa kutazama siku moja.

Tuanze na jani lenyewe. Mkonge uliletwa pwani hii mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Katika miche 1,000 iliyosafirishwa kutoka Florida, 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai, na kutokana na hiyo yakazaliwa mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuongoza duniani kwa zao hili. Korogwe ikawa kitovu chake: Magunga, Ngombezi, Mwelya, Magoma, Hale. Walioyalima walitoka Kigoma, Songea, Msumbiji na Burundi, wakaitwa manamba, na wajukuu wao wengi bado wanaishi kwenye kambi zilezile. Jani la mkonge lina mwiba mweusi kwenye ncha, na mwiba huo kila mkataji anaujua na kuukwepa. Kisichoonekana ni kilichomo ndani ya maji ya jani: chembe za kalsiamu oksaleti, nyembamba na zenye ncha pande zote mbili mithili ya sindano, zikisaidiwa na kemikali za jamii ya sabuni zinazoulainisha utando wa ngozi. Maji ya mkonge yanapomrukia mtu kwenye mkono, kwenye shingo au tumboni, sindano hizo huingia. Utafiti uliofanyika Mexico na kuchapishwa mwaka 2001, kwa mmea ambao ni ndugu wa mkonge, ulikuta kwamba tone moja dogo la maji hayo hubeba chembe 100 hadi 150. Ulikuta pia kwamba wafanyakazi watano kati ya sita wanaoshika vikonyo viwandani walikuwa wamepata muwasho, huku shambani wakiwa kama mmoja kati ya watatu. Kwa anayejua kazi inavyokwenda kwenye korona, mahali majani yanapopondwa kwa maji mengi mfululizo na rojo la kijani kurukia kila upande, tofauti hiyo ya kiwanda na shamba haishangazi.

Muwasho huu una mwenendo wake, na hapa ndipo hoja yangu inaposimama. Ngozi iliyochokozwa na maji ya mkonge hupona ikipumzishwa. Hurudi ikirudishwa. Baada ya miaka kadhaa ya kurudi na kurudi, huanza kukakamaa, kuwa nene na nyeusi, kupasuka kwenye mikunjo ya vidole. Na kwa baadhi ya watu mwili hujenga uadui wa kudumu na kile kilichouchokoza, hata kugusa kidogo tu kukaamsha kila kitu upya. Madaktari wa magonjwa ya kazini hutumia mwenendo huohuo kama ushahidi: ugonjwa unaopungua likizoni na kuzidi kazini una uhusiano na kazi. Sasa tazama kinachotokea katika safari ya madai. Mfanyakazi anazidiwa, anapewa mapumziko, karatasi zinajazwa, anasubiri, na siku anayopangiwa kuonana na mkadiriaji, pengine hospitalini Magunga, pengine mbali zaidi, amekwisha kukaa majuma mbali na mkonge. Ngozi imetulia. Anayekagua anaona madoa meusi na ukavu kidogo. Kule kusubiri ukaguzi ndiko kulikofuta ushahidi, na kile ambacho tabibu angekihesabu kuwa dalili ya chanzo, yaani kupona kwa kupumzika, kinageuka kuwa sababu ya kumpunguzia mtu kiwango chake. Hapa pana kosa la fikra, si la mtu. Tumeuchukua ugonjwa ambao umbo lake ni la muda, tukaupima kana kwamba umbo lake ni la mahali.

Asilimia zenyewe zilikotoka kunatufundisha jambo. Mwaka 1917, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, Uingereza ilitangaza jedwali la pensheni kwa askari wake waliojeruhiwa: aliyepoteza viungo viwili alipewa asilimia 100, na ngazi zikateremka hadi aliyepoteza vidole viwili vya mkono, asilimia 20. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Juni 1916, jeshi la Uingereza chini ya Jenerali Smuts lilikuwa limeteremka kuufuata mto Pangani, likaichukua Korogwe, likakata kusini hadi Handeni, na mwishoni mwa mwezi uleule likapigana kwenye mto Lukigura. Nyuma ya bunduki zake, na nyuma ya bunduki za Wajerumani vilevile, walikuwako wapagazi. Kwa hesabu za serikali ya Uingereza yenyewe, wapagazi wake zaidi ya 40,000 walikufa katika vita vya Afrika Mashariki, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Kati ya maradhi hayo yalikuwamo ya ngozi: vidonda ndugu vya miguuni, na funza, mdudu aliyeingia pwani ya magharibi ya Afrika kutoka Amerika Kusini miaka ya 1870 na kulivuka bara lote mpaka pwani yetu kabla ya karne kwisha. Mpagazi aliyerudi kijijini Uzigua na nyayo zilizoharibika hakupewa asilimia yoyote, na familia nyingi za waliokufa hazikulipwa hata mshahara uliokwisha kufanyiwa kazi. Maumivu yake hayakuwa pungufu ya maumivu ya askari wa London. Kilichokosekana kilikuwa kukubali kwamba anadaiwa. Vita moja, jedwali kwa huyu na kimya kwa yule. Kama asilimia ingekuwa kipimo cha maumivu, tofauti hiyo isingeelezeka. Wajerumani walichukua muda mrefu zaidi: mwaka 1964, mwaka aliofariki jenerali wao Lettow-Vorbeck, bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malimbikizo kwa wazee waliokuwa askari wake na bado wako hai. Nusu karne ilikuwa imepita, makovu yao yalikuwa yamekauka zamani, na deni lilikuwa palepale.

Tukitafuta katika dini zinazoaminiwa huku, tunakuta kwamba jambo hili lilikwisha kufikiriwa kwa kina, na kwa njia mbili zinazotofautiana. Ya kwanza ni ya Mambo ya Walawi, sura ya 13, kitabu ambacho waumini wa makanisa yaliyotokana na misheni za Korogwe na Kideleko wanacho katika Biblia zao, ingawa sura hiyo haisomwi sana mimbarani. Kuhani anamtazama mgonjwa wa ngozi, anakagua rangi ya nywele na kina cha alama, anamweka kando siku 7, anamtazama tena, na kama bado hajui, siku 7 nyingine. Kuna busara kubwa katika kurudia huko: aliyeiandika sheria hiyo alijua kwamba ngozi haisemi yote kwa mara moja. Lakini katika sura nzima mgonjwa haulizwi kitu. Jicho la kuhani ndilo linaloamua, na linaamua jambo moja tu, safi au najisi, kwa ajili ya usalama wa kambi. Kuna hata kanuni inayomshangaza msomaji wa leo, kwamba ugonjwa ukimfunika mtu mwili mzima akawa mweupe wote, kuhani amtangaze kuwa safi. Hicho ni kipimo cha hadhi katika jamii, na kwa kazi hiyo pengine kilifaa. Hakikukusudiwa kupima hasara ya mgonjwa. Hatari ni pale ofisi ya fidia inapoirithi namna hiyo ya kutazama bila kujua, ikabaki na jicho la kuhani na kuziacha siku zake 14.

Njia ya pili ni ya fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, na naomba msomaji anivumilie hapa kwa sababu ndipo penye hazina. Sheria ya dia, yaani fidia ya damu, iliweka viwango vya viungo muda mrefu kabla ya Mwingereza yeyote kuandika jedwali: dia kamili ngamia 100, mkono mmoja nusu yake, kila kidole ngamia 10, jino ngamia 5. Mafakihi wa Kishafii, ambao madhehebu yao ndiyo yaliyoenea pwani yetu na bara yake, waliitaja hata ngozi: aliyechunwa ngozi akabaki na uhai anastahiki dia kamili, kana kwamba ngozi nayo ni kiungo kimoja kisicho na pacha. Lakini walijua kuwa majeraha mengi hayamo kwenye orodha yoyote. Kwa hayo waliweka hukuma, yaani makadirio ya hakimu, na wakajiuliza swali lilelile linalomkabili mkadiriaji wa leo: vipi ikiwa jeraha limepona na halikuacha upungufu wowote unaoonekana? Katika Minhaj ya Imamu Nawawi, kitabu kilichosomwa kwa vizazi katika darasa za pwani, jibu ni kwamba makadirio hufanywa baada ya kupona, lakini upungufu ukiwa haupo tena, hakimu arudi nyuma hadi wakati wa karibu zaidi ambapo upungufu ulikuwapo na kukadiria kwa hali hiyo. Na ipo kauli nyingine iliyotajwa humohumo, kwamba hakimu aweke kiasi kwa ijtihadi yake, yaani kwa jitihada ya fikra zake. Kauli zote mbili zinakataa kitu kimoja: kwamba kwa kuwa ngozi ya leo ni nzima, hakuna kilichotokea. Mkadiriaji anaambiwa arudi nyuma katika wakati. Haambiwi amwambie aliyeumia arudi nyumbani.

Sitaficha kwamba njia ya kukokotoa hukuma ilikuwa na ukali wake. Mtu huru alikadiriwa kana kwamba ni mtumwa sokoni: angeuzwa kwa bei gani akiwa mzima, na kwa bei gani akiwa na jeraha, kisha uwiano wa upungufu huo kwa bei ya mzima ukazidishwa na dia. Handeni mfano huo si wa kuchezea. Katika karne ya 19 Wazigua walionasa katika njaa na hila za wafanyabiashara walipelekwa Somalia, na vizazi vyao viliishi kando ya mto Juba wakihifadhi lugha yao mpaka vita vya miaka ya 1990 vikawarudisha baadhi yao hukuhuku Handeni, Chogo. Hatuwezi kuichukua bei ya soko la watumwa kama kipimo cha mtu. Lakini nauliza: tunapokadiria ulemavu kwa kuangalia mshahara ambao mtu bado anaweza kuuingiza, tumetoka mbali kiasi gani na soko lile? Fidia ya mfanyakazi hukokotolewa kwa mshahara wake, na mshahara wa mkata mkonge ni mdogo. Asilimia kubwa ya kidogo ni kidogo. Hiyo ni sababu ya ziada ya kutokuibania asilimia yenyewe, kwa kuwa ndiyo sehemu pekee ya hesabu ambayo mkadiriaji anaweza kuitendea haki.

Walioendelea na jambo hili kwa maandishi mengi ni Wamarekani, katika fidia ya askari wao wastaafu. Kanuni zao za magonjwa ya ngozi zinaangalia mambo mawili, eneo na dawa. Ugonjwa uliogusa chini ya asilimia 5 ya mwili au ya sehemu zinazoonekana, ukatibiwa kwa dawa za kupaka tu, hupewa sifuri; kati ya 5 na 20, hupewa 10; kati ya 20 na 40, hupewa 30; zaidi ya 40, au ukihitaji dawa za kuingia mwili mzima karibu bila kukatizwa kwa mwaka, hupewa 60. Nilipoyalinganisha hayo na mikono ya Korogwe niliona kasoro upesi. Mikono miwili, viganja na migongo yake, ni takriban asilimia 5 ya ngozi ya mtu mzima. Mikono hiyo ikiharibika yote, eneo ni dogo, na mtu hawezi tena kufanya kazi hata moja anayoijua. Hata hivyo kuna mambo mawili ya Marekani ninayoyaheshimu. La kwanza ni kule kuhesabu sehemu zinazoonekana kwa mizani yake, maana huko ni kukubali kwamba ugonjwa wa ngozi huumiza pia kupitia macho ya watu. Wanatauhidi wa Kiislamu walifika hapo zamani: walipoizungumzia habari ya Nabii Ayubu, wengi wao walikataa simulizi za funza na uvundo wakisema Mtume hawezi kupewa maradhi yanayowakimbiza watu, kwa kuwa ujumbe wake usingesikilizwa. Kwa maneno mengine, walitambua kuwa kukimbiwa ni sehemu ya ugonjwa. Jambo la pili ni hukumu ya mwaka 1994 katika shauri la Ardison dhidi ya Brown, ambapo mahakama ya rufaa za maveterani ilisema kwamba uchunguzi wa fangasi za miguu uliofanywa wakati ugonjwa umetulia haukutosha, kwa sababu ugonjwa wa kupanda na kushuka hukaguliwa ukiwa umepanda. Imamu Nawawi na majaji wa Washington hawakusomana, na wakafika mahali pamoja.

Pingamizi la kwanza ninalolitarajia linatoka kwa watu wa dini, na linasemwa kwa nia njema: maradhi ni mtihani wa Mwenyezi Mungu, dawa yake ni subira, na kumfanya mgonjwa ahesabu asilimia za mateso yake ni kumpotezea thawabu. Lina uzito, na silidharau. Najua kuna watu ambao subira ndiyo iliyowabakisha na akili zao. Lakini linachanganya mambo mawili. Subira ni baina ya mgonjwa na Mola wake. Fidia ni baina ya mgonjwa na waliofaidika na kazi iliyomgonjwesha. Mdaiwa hana haki ya kumhubiria subira anayemdai. Na mfano wa Ayubu, ambao ndio unaotolewa daima, unasema kinyume cha wanavyodhani wanaoutoa. Katika Biblia Ayubu analalamika sura baada ya sura, anadai asikilizwe, na mwishoni wanaokemewa ni marafiki zake waliokuwa na maelezo tayari kwa nini anateseka. Katika Kurani anamlilia Mola wake kwamba dhara imemgusa, na bado anasifiwa kuwa mwenye subira. Kulalamika hakukumtoa katika sifa hiyo. Kisha katika vitabu vyote viwili anarudishiwa. Anapewa maji ya kuogea, watu wake na mfano wao pamoja nao, mali maradufu. Hakuna mahali anapoambiwa kwamba kwa kuwa alivumilia, basi hastahiki kurudishiwa.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, na linatoka kwa wanaolinda fedha za wote. Muwasho hauonekani. Mtu anaweza kujikuna makusudi, anaweza kujipaka maji ya mkonge asubuhi ya ukaguzi. Na huku kwetu nani asiyewashwa? Kuna joto la bonde la Pangani, upele unaozunguka katika vyumba vya watu wengi, fangasi, sabuni kali, pumu ya ngozi ya kuzaliwa nayo. Tukikubali neno la kila mmoja, Mfuko utakauka na aliyekatika mkono atakosa. Nakubali sehemu ya mwanzo ya hoja hii, nakataa hitimisho. Ukweli wa muwasho hauthibitishwi na siku moja, kwa hiyo hata udanganyifu wa siku moja haufui dafu mbele ya kumbukumbu za mwaka. Daftari la zahanati ya shamba linaloonyesha mtu amekuja mara ngapi na kupewa krimu gani. Majina ya miezi aliyohamishwa kutoka korona. Picha zilizopigwa kwa simu ya kawaida na muuguzi siku ngozi ilipokuwa mbaya. Ushahidi wa wenzake wa zamu. Na pale inapowezekana, kipimo cha kubandika mgongoni kinachotofautisha mzio na mchokozo wa kawaida. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha kanda kiko KCMC, Moshi, kwenye barabara ileile inayopita Korogwe na Mombo, na kimekuwa kikifundisha wataalamu wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika tangu miaka ya 1990. Anayeogopa kudanganywa ana kila sababu ya kutaka ukaguzi wa muda mrefu kuliko mimi. Na kuhusu vyanzo vingine, orodha ya magonjwa ya kazini ya Shirika la Kazi Duniani iliyorekebishwa mwaka 2010 inayataja waziwazi magonjwa ya ngozi yatokanayo na vichokozi na vizio vya kazini. Kwamba mtu ana upele wa jirani hakumfutii mwajiri sehemu yake, kama ambavyo aliyekuwa na jicho moja hapotezi haki ya lile la pili.

Kuna wanaosema pia, na nimelisoma hili mahali pengi likisemwa kama jambo lililo wazi, kwamba mwenye ngozi isiyopatana na kazi na abadilishe kazi. Jibu ni fupi. Kulazimika kubadilisha kazi ndiyo hasara yenyewe inayotakiwa kukadiriwa. Mtu wa miaka 45 wa kambi ya Mwelya, ambaye mikono yake ndiyo mtaji wake wote, akiambiwa aache mkonge, ameambiwa aende kulima mahindi kwa mikono ileile, kwenye jasho, vumbi na mbolea vitakavyoiamsha upya. Hali ni hiyohiyo kwa askari. Wilaya ya Handeni ina kikosi cha JKT Mgambo, na kila jamii yenye vikosi ina waliotoka wakiwa na maradhi yaliyoanzia kwenye buti mbichi na nguo zisizokauka. Askari ana taratibu zake za jeshi, lakini ngozi yake haifuati sheria tofauti ya maumbile, na swali la lini itazamwe ni lilelile.

Libaki pingamizi moja la wanafalsafa: kama asilimia haipimi maumivu, kwa nini tusiache namba kabisa, tukalipa kwa huruma? Kwa sababu huruma huwafikia wanaopendeza kuhurumiwa, na mwenye ngozi inayotoa maji si miongoni mwao. Namba, pamoja na ukavu wake wote, haigeuzi uso. Inamruhusu mtu kudai bila kuomba. Ila ni lazima tujue inakokosea. Kwenye kidole kilichokatika, wakadiriaji wawili watatofautiana kidogo sana. Kwenye ngozi, mmoja anaweza kuona 15 na mwingine 40, wote wakiwa waaminifu, kwa sababu walikuja katika miezi tofauti. Na mstari wa 30 umepita katikati yao. Sheria ya Marekani kwa maveterani inasema ushahidi ukilingana pande mbili, shaka iende kwa askari. Nadhani kwa ngozi tunayo sababu yetu wenyewe ya kufanya vivyo hivyo, na haitoki katika ukarimu. Mkupuo unaotolewa Korogwe kwa mtu wa kambi unaezeka nyumba, unalipa deni la duka na ada ya mtoto, na ndani ya mwaka umekwisha, wakati ugonjwa ndio kwanza unaingia msimu wake wa pili; aliyekosewa kwa kuwekwa chini ya mstari hana tena pa kurudi. Pensheni ya mwezi inaweza kutazamwa tena. Mgonjwa anaweza kuitwa baada ya miezi 12 na daftari lake, akaguliwe ngozi ikiwa imepanda na ikiwa imeshuka, na kama mwaka mzima umepita bila mikono kupasuka, kiwango kikateremshwa bila mtu yeyote kudhulumiwa. Makosa mawili yakiwa hayalingani kwa namna hiyo, moja likirekebishika na lingine halirekebishiki, mkadiriaji aliye na shaka kati ya 28 na 32 anajua aandike ipi.